Datsun Nyekundu Juu ya Ghorofa ya Sita

Kilichoniumbua ni vijiko. Laiti ningalivitupa vile vijiko 14 vya plastiki vya kulia mtindi, ambavyo nilikuwa nimevipaka rangi nyekundu ya majaribio na kuvichomeka kwenye chungu cha maua ili vikauke, pengine hadi leo wapangaji wenzangu hapa South B, Nairobi, wangekuwa bado wanamshuku jogoo.

Mimi huunda magari madogo ya plastiki, hasa magari ya mashindano ya zamani, kwa kipimo cha 1 kwa 24, maana yake ni kwamba gari halisi lenye urefu wa mita 4 na kidogo hutoka likiwa na sentimita 17 hivi, yaani fupi kuliko kiatu changu. Vipande huja vikiwa vimeshikamana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja, unavisugua kwa msasa, unavigundisha na kuvipaka rangi, na katika kila hatua kuna namna kumi za kuharibu kazi ya hatua iliyotangulia. Nimeanza magari 9 na kuyamaliza 2. Watu wa nyumbani kwangu huitaja hesabu hiyo kwa dharau, nami huwajibu kwamba katika Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho, kwa hiyo kwa kiwango cha Safari mimi nafanya vizuri sana.

Gari la 10, ambalo binamu yangu aliniletea kutoka Dubai, lilikuwa Datsun 240Z, ile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari ya mwaka 1971: bodi nyekundu, na boneti nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa boneti inayong'aa hurudisha jua machoni mwa dereva. Nyekundu hiyo niliifuata Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, kwa sababu rangi ya kopo ya kupuliza magari halisi inafaa kabisa kwa kazi hii, mradi uanze na praima, yaani rangi ya msingi, na kupuliza kidogo kidogo, maana thina, kile kiyeyusho cha rangi kilichomo, ni kali na ikimwagika nyingi huila plastiki.

"Gari gani, bosi?" muuzaji aliniuliza.

"Datsun 240Z."

"Ya mwaka gani?"

"Sabini na moja."

Aliweka chini alichokuwa ameshika. Alinitazama kama mtu anayemtazama tajiri aliyejificha ndani ya sweta iliyochanika, kisha akamwita mwenzake aje anione. Nilipoomba kopo moja, aliuliza kama nilitaka kugusia mahali palipokwaruzwa. Nilimwambia kwamba nilitaka kupaka bodi nzima, na kwamba rangi itabaki. Hapo sura yake ikabadilika, akaniambia kwa upole kwamba anamjua fundi mmoja wa bei nafuu, nisije nikaiharibu mali ya thamani kwa kubana matumizi. Sikuwa na moyo wa kumweleza ukweli. Nilikuwa nimeheshimiwa kwa dakika tano nzima, jambo ambalo hobi hii hainipi mara nyingi.

Mvua ilinyesha wiki nzima, kama ilivyo desturi ya wiki ya kabla ya Pasaka, na mvua hiyo ndiyo iliyowahi kuifanya Safari, enzi ilipokuwa ikifanyika Pasaka, kuwa mashindano ya tope kuliko ya mwendo. Rangi ikipulizwa penye unyevunyevu hupata ukungu mweupe usiotoka, kwa hiyo nilisubiri. Ndani ya nyumba nimekatazwa kupuliza chochote, tangu siku nilipofanyia kazi bafuni na taulo zikanuka thina mpaka mwezi mwingine ukaandama. Jumamosi jua likawaka, nami nikapanda juu ya nyumba, ghorofa ya sita, kwenye sakafu ya wazi penye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Jambo moja halikunipitia akilini, nalo ni kwamba jua lililoniita mimi lilikuwa limewaita wapangaji wote waliokaa na nguo chafu tangu Jumatatu.

Nilianza mapema, kamba zikiwa bado tupu. Nilisimamisha boksi la kadibodi kando ya tangi, nikaivisha bodi ya gari juu ya chupa tupu ya sosi, na kopo la rangi nikaliweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili rangi iwe laini. Unapuliza kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, na mpulizo huanza kabla ya gari na kuishia baada ya gari, ili matone mazito ya mwanzo na ya mwisho yasiangukie bodi. Hakuna karatasi ya maelekezo niliyoisoma inayoeleza kwamba matone hayo humwangukia nani.

Tabaka mbili za kwanza zilikwenda salama. Nilishuka kunywa chai wakati zikikauka, na niliporudi pale juu palikuwa pamejaa mashuka, sare za shule, na upande wangu wa kulia vitu vyeupe virefu vikipepea. Niliviona jinsi mtu anavyoona mawingu. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa Datsun. Tabaka ya tatu ndiyo ya kung'aa, ndiyo inayopulizwa nzito zaidi, na upepo nao ulikuwa umeanza kuvuma. Lakini rangi ilitulia vizuri mno, bila vipele wala michirizi, hata nikauona uso wangu kwenye paa la gari.

Ndipo mtu mmoja upande wa pili wa tangi alipokung'uta blanketi la manyoya.

Nyuzi zilishuka polepole, za buluu, zikatua kwenye paa, kwenye boneti na juu ya taa. Asiyeunda magari haya atasema ni unyuzi tu, lakini kwa kipimo cha 1 kwa 24 unyuzi wa sentimita 1 ni sawa na kamba ya sentimita 24 iliyolala juu ya gari halisi, na mimi nilihesabu kamba saba. Nilipandwa na hasira. Nilishuka ngazi zote hadi kwa msimamizi wa jengo, ambaye sote humwita keateka, nikamtolea hotuba ndefu kuhusu ustaarabu wa kuishi pamoja, kuhusu watu wasiojali kazi za wenzao, na kuhusu haja ya kumtafuta mwenye blanketi na kumchukulia hatua. Nilisisitiza aje ajionee mwenyewe uharibifu uliofanyika. Hakutaka kupanda. Nilimshurutisha.

Alifika akihema, akalitazama gari, akaniuliza uharibifu uko wapi. Nilipokuwa nikimwonyesha unyuzi wa taa ya kushoto, yeye aligeuka kutafuta mahali pa kuegemea, akanyamaza, kisha akasema, "Na hii damu?"

Vile vitu vyeupe virefu vilikuwa majoho 12 ya kwaya, yaliyofuliwa kwa ajili ya Jumapili ya Pasaka. Matano kati yake, yaliyokuwa karibu na tangi, yalikuwa na madoadoa mekundu kuanzia kifuani hadi chini, kana kwamba wenyewe walikuwa wamesimama kwenye mstari wa mbele wa vita. Keateka alikisia kwamba mtu amechinja kuku wa sikukuu juu ya nyumba, kinyume cha kanuni. Nilikaa kimya. Kwa bahati mbaya jogoo wa jirani wa ghorofa ya pili alikuwa amefungwa pale pale nyuma ya tangi, mzima wa afya, na akachagua dakika hiyo kuwika. Keateka alimtazama, akatazama madoa, akatafakari. Nami nikasema, na hadi leo sijui ulimi wangu uliyatoa wapi maneno hayo, "Labda walikuwa wawili."

Wapangaji walianza kukusanyika. Mama kiongozi wa kwaya alipanda akiwa bado na mwiko mkononi. Watu walikuwa wameshaanza kuuliza ni nyumba gani inanuka mchuzi mapema, wakati binti yangu wa miaka sita alipotokea kwenye ngazi, amekibeba kile chungu cha maua kwa mikono miwili, vijiko vyekundu vimesimama humo kama maua ya mbinguni, akatangaza kwa sauti ya shule: "Baba, vijiko vyako vimekauka!"

Baraza lilikaliwa hapo hapo, mimi nimesimama na wengine wameketi kwenye ndoo. Mama wa kwaya hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Jirani, mimi sina maneno mengi. Nionyeshe hilo gari."

Nililileta juu ya chupa yake ya sosi. Alilizunguka kwa macho.

"Hili?"

"Ndilo, mama."

"Majoho matano, kwa hili?"

Aliyeniokoa, kwa muda, ni mzee mstaafu wa ghorofa ya kwanza. Alisogea karibu, akavaa miwani, akasema, "Ngojeni kwanza. Hii ni Zedi ya Herrmann. Mbona boneti ni nyekundu?" Nilimweleza kwamba nyeusi hupakwa mwisho, akaridhika. Akasimulia kwamba mwaka 1971 alikuwa darasa la tano, nao walisimama kando ya barabara mvuani kutwa nzima kusubiri magari, wakarudi nyumbani wamepakwa tope na kuchapwa. Keateka akadai kwamba gari hilo ni la Shekhar Mehta. Mzee akamsahihisha kwa ukali: Mehta alimaliza wa pili mwaka ule, naye pia katika 240Z, na ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 1973, pale yeye na Harry Källström walipomaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu.

Mwenyekiti wa wapangaji, ambaye hupenda kesi iishe kabla ya chakula, alilidaka neno hilo. Alisema kwamba hata hapa tuko sare, kwa kuwa blanketi la jirani limeharibu gari na rangi ya gari imeharibu majoho, kwa hiyo kila mtu abebe mzigo wake twende nyumbani. Mimi niliitikia kwa kichwa haraka kupita kiasi.

"Mzee," mama wa kwaya aliuliza, "mwaka huo wa sare, kombe liligawanywa?"

Mzee alinitazama kwa huruma, lakini ni mtu mkweli. "Hapana, mama. Alipewa Mehta."

"Basi na mimi nipewe."

Ningeishia hapo, ningekuwa nimepata hasara ndogo ya heshima. Lakini nilijua kwamba thina huyeyusha rangi hiyo, nikajitolea kuyaondoa madoa, na nikaomba joho moja la majaribio. Thina iliyeyusha rangi kweli, tena kwa haraka. Tatizo ni kwamba rangi iliyoyeyuka haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa ndani zaidi ya kitambaa. Matone yaliyokuwa na ukubwa wa punje ya dengu yalijiunga yakawa doa moja la waridi lenye upana wa chapati, nami nikazidi kusugua nikidhani linapungua, mpaka mama wa kwaya akanitoa kitambaa mkononi taratibu, jinsi mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Siku ya Pasaka kwaya iliimba kwa mashati meupe. Majoho matano mapya niliyalipia mimi, kwa pesa ambazo zingeninunulia Datsun nyingine na rangi yake. Gari lenyewe nililiacha wiki nzima likauke, nikalisugua kwa msasa wa maji na kulipuliza upya Kitengela kwa binamu yangu, ambako jirani wa karibu ni ng'ombe, na hata huyo nilihakikisha kwanza kwamba upepo haumwelekei. Unyuzi mmoja wa buluu umebaki chini ya rangi karibu na taa. Mzee wa ghorofa ya kwanza, ambaye sasa huja kulitazama gari kila Jumapili, anasema huo ni mkwaruzo wa miiba ya nyika ya Taru, nami sijamsahihisha.

Keateka naye alibandika tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUPAKA MAGARI RANGI JUU YA NYUMBA. Juzi alikuja bwana mmoja kutafuta nyumba ya kupanga. Alilisoma tangazo, akaupima upana wa ngazi kwa macho, akatazama juu ghorofa zote sita, kisha akauliza kama jengo hili lina njia nyingine ya kupandia. Keateka aliniinulia kidevu mimi niliyekuwa nikipita na mkate. Yule bwana akanisogelea kwa heshima na kuniuliza nililipandishaje.

"Mkononi," nikamjibu, nikaendelea na safari yangu.