Mchezaji Akikabidhiwa Mizani

Karani wa mizani kwenye chama cha msingi, kile cha ushirika wa wakulima wa korosho, mara nyingi naye ana mikorosho yake. Msimu ukifunguliwa Oktoba anapokea magunia ya wenzake, anatumbukiza mkono hadi kiwiko kutafuta kokoto na korosho mbovu, anasoma kilo, anaandika. Siku moja ndani ya wiki hiyohiyo magunia ya nyumbani kwake nayo yanapanda mizani ileile. Watu wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa hatari iko wapi. Lakini sijawahi kusikia mtu akidai karani asiwe mkulima, maana asiyezijua korosho atauziwa kokoto mchana kweupe.

Karani huyo alinijia kichwani mpwa wangu aliponipigia kutoka Chuno. Kuna gemu la mapigano la mtandaoni analicheza tangu kidato cha tatu. Sasa kampuni inayotafuta watu kwa niaba ya wenye gemu imemkubali kwenye huduma kwa wateja: kazi ya kufanyia nyumbani, zamu ya usiku, malipo kwa dola. "Mjomba, nilipwe kwa kitu ninachokifanya bure?" Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka baraka, siyo ushauri. Kusini huku mjomba haombwi baraka hivihivi, na mimi kazi ya namna hiyo niliifanya miezi kumi na moja, kwa gemu nililokuwa nalipenda, nimekaa sebuleni kwangu Shangani.

Nianze na anachokiona yeye, kwa sababu hajakosea. Mchezaji anaifanya kazi hii vizuri kuliko mtu aliyefundishwa wiki mbili. Mteja anaandika: "nimefungua boksi halijatema kitu." Asiyecheza anapekua kitabu cha maelekezo, hapati neno "kutema", anarusha jibu la kopi: tafadhali zima simu kisha uwashe. Mchezaji anajua kwamba boksi lile halipeleki zawadi kwenye begi, linazipeleka kwenye barua za ndani ya gemu, na barua zikijaa mzigo unasubiri nje. Futa barua za zamani, kaka. Dakika mbili, mtu anashukuru na kurudi vitani.

Anawajua na waongo pia. Kuna mchezo wa kuuza akaunti kwa mtu, kupokea hela kwa simu, kisha kuandika huduma kwa wateja ukilia kwamba umeibiwa. Aliyeuza ana risiti za kwanza na barua pepe ya kwanza, kwa hiyo kwenye karatasi yeye ndiye mwenye mali. Mchezaji anauliza swali moja la pembeni, mathalani kwa nini skini yako ya mwisho, yaani vazi la mhusika wako, umeinunua mchana na saa chache baadaye mtu mwingine akaingia na kubadili jina bila papara yoyote, na hadithi inaanza kuchechemea. Biashara hii ya sarafu na akaunti nje ya duka rasmi ina majina mengi mitandaoni. Kwetu jina lipo siku nyingi, la korosho zinazonunuliwa kwa magendo nje ya mfumo rasmi: kangomba.

Basi upande wa ndiyo una nguvu. Upande wa pili mpwa wangu alikuwa hajaufikiria kabisa, na sidhani kama hata waajiri wanaufikiria wanapoajiri huku.

Wazungumzaji wa Kiswahili kwenye zamu zile ni wachache. Tulikuwa wanne. Mfumo unasoma lugha ya tiketi, yaani lalamiko la mteja, na kuigawa, kwa hiyo kila anayelalamika kwa Kiswahili, awe Newala au Mombasa, anaangukia kwa mmoja wetu. Mhudumu wa Kiingereza anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na mtu anayemfahamu, kwa sababu wateja wake wametapakaa dunia nzima. Sisi tunakutana na watu wetu. Na siyo majina tu: unaona ametumia kiasi gani, saa ngapi, kwa simu gani, amemwandikia nani nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na ni vizuri ipo, ila sheria inakataza kusema na kutumia vibaya. Haina namna ya kukufanya usijue ulichokwisha kukijua.

Usiku mmoja, kama saa saba, nilifungua tiketi ya binti wa Dodoma. Wiki ya pili anatukanwa na mtu mmoja kwenye gumzo, matusi ya nguoni. Jina la mtuhumiwa nikalitambua kabla sijamaliza kusoma. Kiongozi wa klani yangu, kikundi changu cha kucheza pamoja, jamaa wa Masasi ambaye uso wake sijawahi kuuona, lakini sauti yake naijua kuliko ya jirani yangu. Nilifanya linalotakiwa: nikaandika kwamba namfahamu, nikaisukuma tiketi kwa msimamizi. Shida ni kwamba gumzo lilikwishafunguka mbele yangu na nilikwishasoma. Akafungiwa siku saba. Asubuhi yake kwenye grupu la klani akaapa kwamba ameonewa, hajui hata kosa lake. Watu wakampa pole, mmoja akaitukana kampuni. Mimi nikaweka kidole gumba. Hakuna aliyejua ninafanya kazi gani, na mkataba haukuniruhusu kusema. Baada ya hapo nilicheza naye mara mbili, tatu, nikaacha.

Hapo nilimkosea nani? Kikazi, hakuna mtu. Na bado nikikiona kile kidole gumba changu kwenye simu sijisikii vizuri.

Mengine yaliyowahi kutokea ni makubwa kuliko hilo. Mwaka 2007 CCP, kampuni ya Iceland yenye gemu la EVE Online, ilikiri kwamba mtengenezaji wake mmoja, ambaye naye alikuwa mchezaji ndani ya muungano mkubwa wa gemu hilo, alijipatia isivyo halali ramani adimu za kuundia vifaa. Kampuni haikuwapiga wafanyakazi marufuku kucheza. Iliunda kitengo cha kuwachunguza watu wake yenyewe, na mwaka uliofuata ikawapa wachezaji baraza la kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 2018 Jagex ya Uingereza, wenye RuneScape, ilimfukuza mfanyakazi aliyetumia vibaya mamlaka yake, baada ya mali za wachezaji kuchukuliwa. Wote wawili hawakuwa wahudumu wa tiketi. Lakini funguo za aina ile ndizo anazopewa mhudumu, pengine chache zaidi, na analipwa kidogo kuliko wao. Mwenye njaa akipewa funguo za ghala usimwachie peke yake usiku kucha. Huko ni kumwonea.

Malipo nayo yana hila yake. Anayeajiri mpenzi wa gemu anajua kwamba mapenzi yatalipia sehemu ya mshahara. Mwaka 2000 wachezaji wa Ultima Online waliokuwa wakiwasaidia wenzao kwa kujitolea waliifungulia kesi kampuni ya Origin, wakisema ile ilikuwa kazi na kazi hulipwa. Wanaolipwa nao hawako salama: Blizzard ilipotangaza mwaka 2012 kupunguza watu wapatao 600, wengi mno hawakuwa watengenezaji wa magemu. Panga likishuka, meza ya huduma kwa wateja iko karibu nalo.

Kisha kuna Mtwara yenyewe. Saa tatu asubuhi ya California ni kwetu saa moja usiku, au saa mbili kutegemea miezi, kwa hiyo zamu inakwisha saa tisa au saa kumi ya usiku, wavuvi wa Feri wakikaribia kuamka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, na kabla hatujatulia nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Kwenye mfumo wa kazi niliandikwa "hayupo" zamu tatu. Nilipoeleza, msimamizi wangu, kijana mpole wa huko ng'ambo, aliuliza kama siwezi kwenda kufanyia kazi mkahawani.

Pamoja na hayo sikumwambia mpwa wangu akatae. Dola inayofika kila mwezi ndani ya mji huu siyo jambo la kuchezea, na kazi inamfundisha kuandika, kusikiliza mtu mwenye hasira, na kujua gemu linavyoendeshwa upande wa nyuma. Nilichomwambia ni kwamba aombe gemu jingine la kampuni ileile, kama lipo. Ujuzi mwingi utahama naye, maana maboksi ya magemu haya ni ya ukoo mmoja, na klani yake itabaki klani. Kama hakuna jingine, basi aitaje akaunti yake kwa maandishi kabla ya zamu ya kwanza, atoke kwenye uongozi wa klani, na adai kuandikiwa kwamba tiketi ya mtu anayemjua inakwenda kwa mwingine kabla haijafunguka, siyo baada.

Akanyamaza kidogo. "Sasa mjomba, korosho za karani huwa anapima nani?"

Nikamwambia inategemea chama. Vingine humwita mjumbe wa bodi, watu wakisimama hapo wanaangalia. Vingine karani anapima mwenyewe, jioni, watu wakishaondoka.

Alituma barua pepe Jumatatu akiuliza yote matatu: gemu jingine, akaunti na tiketi. Wamemjibu la akaunti tu: aandike jina lake la kwenye gemu. La tiketi kwenda kwa mwingine kabla haijafunguka hawajalijibu, na mkataba unataka sahihi Ijumaa.