Falanga Hakuna, Antrenema Hakuna

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba kazi ya uwakala wa wachezaji niliianza kwa njia ya haki. Mtihani wa FIFA wa mawakala, huu ulioanza mwaka 2023, una maswali 20, na unaruhusiwa kuufanya huku kanuni zenyewe ziko wazi mbele yako. Unaangalia, unajibu. Kupita ni asilimia 75, yaani maswali 15. Mimi niliangalia, nikajibu, nikapata 11. Mama watoto akaniuliza kama zile karatasi nilikuwa nimezishika juu chini.

Basi nikakumbuka kwamba kuna wanamichezo ambao FIFA haina habari nao tena: waliostaafu. Hawa huwapeleki kwenye timu, unawapeleka kwenye makampuni wakawatie wafanyakazi moyo. Tena kuna utamu. Kanuni za mwaka 2023 zilimpangia wakala wa mchezaji asilimia 5 tu kwa mshahara usiozidi dola 200,000 kwa mwaka. Kwenye hotuba hakuna kanuni. Nikajipangia 30.

Mteja wangu alikuwa yaya mmoja (kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto) wa Katuba, kipa wa zamani wa timu moja ya hapa Lubumbashi. Kwenye tangazo nilimwita Ukuta. Ukweli ni kwamba alikuwa kipa wa tatu: miaka tisa benchi, na dakika alizocheza unaweza kuzihesabu huku unasubiri chai ipoe. Lakini mji huu ndio ulioipeleka Mazembe fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010. Inter Milan walitupiga 3-0, na bado tunaisimulia kama tulishinda. Mtu akisema hapa "nilikuwa kipa", watu wanamsogezea kiti, halafu wanamwomba aruke kwa makalio kama Kidiaba, yule kipa wa Mazembe, akishangilia bao.

Kampuni moja ya malori, yale yanayopeleka shaba mpakani Kasumbalesa, ikakubali dola 400. Walitoa 100 mkononi, 300 baada ya hotuba. Ile 100 niliimalizia Kenya (Kenya yetu ni komini, sehemu ya mji, yenye soko; msitafute pasipoti) kwa suti ya mtumba, viatu na tai. Nikaandika hotuba ya kurasa nne juu ya uvumilivu. Siku tatu tulifanya mazoezi sebuleni kwangu. Ukuta si mtu wa maneno. Nilikuwa nasoma mimi, yeye anasema, "Ndiyo."

Siku yenyewe, karakana ilijaa madereva, maboi wa malori na mafundi, wote wamenuna. Nilidhani ni joto. Patro, yaani bosi wa kampuni, alikaa mbele. Alikuwa mgeni, Kifaransa anakijua, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo". Nikawekwa pembeni yake nimtafsirie.

Ukuta akasimama, akafungua karatasi, akazisogeza karibu, akazisogeza mbali. Miwani aliiacha Katuba. Akazikunja taratibu, akazitia mfukoni, akatutazama kama mtu anayesubiri penalti.

Kimya kikawa kirefu mpaka dereva mmoja wa nyuma akamhurumia. "Yaya, wakati kilabu haikulipe, mulikuwa munafanya namna gani?"

Uso wa Ukuta ukafunguka. Kumbe hilo ndilo jambo alilokuwa nalo moyoni miaka yote. "Aa, ile! Tulikuwa tunakuya ku uwanja, tunasalimia koci muzuri. Kisha tunaikala chini, viatu ku shingo. Falanga hakuna, antrenema hakuna! Ule mwaka hata miye wa ku benchi nilikatala kuikala ku benchi!"

Yaani pesa hakuna, mazoezi hakuna. Karakana ikalipuka. Hapo ndipo kijana aliyekaa mbele yangu alipogeuka akaninong'oneza kwamba wana miezi mitatu hawajaona mshahara.

"Anasema nini?" patro akauliza.

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikawaza zile 300. "Anasema, bwana mkubwa, bila mazoezi mtu hapati kitu."

"Safi sana!" Akapiga makofi. Madereva walipomwona patro anapiga makofi, wakaona mambo yamekubaliwa. Wakaanza kuimba: falanga hakuna, antrenema hakuna! Boi mmoja akajibwaga chini, akaanza kurukaruka kwa makalio mtindo wa Kidiaba, na nyuma yake wakafuata wanane, wakifagia oili yote ya sakafu kwa suruali za kazi.

Laiti ingeishia hapo. Patro naye akashikwa na moto wa michezo. Akainuka, akachukua maikrofoni, akapaza sauti mara tatu, mkono juu: "Falanga akuna! Antrenema akuna!"

Mama wa ofisi ya wafanyakazi, mzaliwa wa hapahapa, hakumtazama patro. Alinitazama mimi. Nilianza kutafuta mlango kwa macho.

Kesho yake hakuna lori lililowashwa. Walipoulizwa, walijibu kwamba ni amri ya patro mwenyewe na mashahidi wapo. Mimi nilipokwenda kudai zile 300, mlinzi wa getini alikuwa ameshaelezwa sura yangu, hata kovu la kidevuni.

Nikampigia Ukuta, nikamweleza kwa upole kwamba pesa imekwama. Hakugomba. Jioni alifika kwangu, akanisalimia vizuri, akakaa kwenye sofa, viatu shingoni.

Leo ni siku ya nne. Anakula bukari (ugali wetu) na sombe (kisamvu), samaki tomsoni anapewa yeye kichwa na mimi mkia. Watoto wanamwita papa Ukuta. Mama watoto alimtetea siku mbili, na jana akaniuliza pesa ya soko. Nilipokohoa tu, akavua kitambaa cha jikoni, akaenda kukaa pembeni yake.

Asubuhi hii simu ikalia. Ni watu wa sendika, chama cha wafanyakazi: madereva wamelipwa mwezi mmoja, na wenzao wa kampuni nyingine wanamtaka yule yaya Jumamosi, pesa taslimu. Nilikaribia kulia. Nikakimbia sebuleni. "Yaya, inuka! Tumepata kazi! Tuanze mazoezi!"

Akaninyooshea mguu wa kushoto, akachukua njugu moja mezani.

"Mudogo yangu," akasema, "mazoezi gani?"