Kichupa kililala wapi?

Kila nikirudi Dar lazima nikutane na hili swali, we si unakaa Uingereza, huko si wanachoma zile sindano za makunyanzi, hizi za Botox, kila siku na hakuna anayekufa, mbona ya hapa Sinza unatukataza? Juzi tena mdogo wangu kanitumia tangazo la saluni, uso laini kwa dakika kumi, ofa ya sikukuu, njoo na rafiki. Nikamjibu subiri kwanza. Sasa naandika yote sehemu moja maana voisi note zimeshanikausha koo.

Kwanza nikiri. Mimi nilishachoma, na haikuwa Dar, ilikuwa Leicester, na ndo huko huko ilikoniharibikia.

Nipo huku mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kuangalia wazee, zamu za usiku, tunaita kubeba maboksi hata kama boksi lenyewe ni bibi wa miaka tisini anayegoma kuoga. Usiku hulali, mchana unalala nusu, na baridi hii, basi kati ya nyusi nikawa na mistari miwili kama namba 11. Mwenzangu kazini akaniambia kuna mdada anapita majumbani. Akaja na kibegi cha pinki, akanikalisha kwenye kiti cha jikoni, akasema kunja uso kama umekasirika, tap tap tap, sehemu tano, paundi 80, kaondoka. Sikumuuliza hata jina la dawa. Mimi! Mimi ambaye Kariakoo nikinunua chaja ya simu naichomeka kwanza, naijaribu, nadai risiti, na bado nageuka geuka njiani nahisi nimepigwa. Sijui nini kinatupata tukishapanda ndege, yani ule ushapu wote tunauacha pale Nyerere airport na ndugu zetu wanaotupungia mkono.

Siku ya tano kope la kushoto likashuka. Sio kidogo, lilishuka kama shata la duka lililokwama katikati. Bibi yangu mmoja kazini akawa ananiuliza kama nimelala. Mdada wa kibegi simu yake haipatikani. Nikaenda kwa daktari wa mtaa, akaniambia dawa imepenya mpaka kwenye msuli unaonyanyua kope, itaisha yenyewe, kisha akauliza ilikuwa dawa gani, yuniti ngapi? Nikabaki natazama viatu vyangu. Wiki sita nimetembea na jicho moja na nusu.

Nikaanza kusoma vizuri, japo nilitakiwa kusoma kabla. Hii kitu ni sumu ya bakteria anaitwa Clostridium botulinum, yule yule anayeweza kuwa kwenye kopo la samaki lililovimba, ambalo Dar hata mtoto anajua usile. Inachofanya ni kuzuia mshipa wa fahamu usipeleke ujumbe kwenye msuli, msuli ukikosa ujumbe unapumzika, na ukipumzika ngozi ya juu haikunjwi. Basi, hakuna uchawi. Wamarekani waliiruhusu mwaka 1989 kwa magonjwa ya macho, makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, ikaja kuruhusiwa kwa mistari ya kati ya nyusi mwaka 2002. Dozi ya hapo kwa Botox ni yuniti 20 tu. Wale wanaouliza ati inabaki mwilini milele, hapana, inaanza kazi baada ya siku chache na miezi mitatu minne imekwisha, ndo maana wanataka urudi na hela nyingine. Na yuniti za Botox sio sawa na za Dysport, ambayo ni aina nyingine ya dawa hiyo hiyo, anayechanganya hizo hesabu anakuumiza.

Kwa hiyo ikiwa dawa halisi, dozi ndogo, mkono unaojua, mara nyingi unaambulia kichwa kuuma, alama ya damu, au ukikosa bahati kope kama langu. Ila mwaka 2009 Wamarekani hao hao waliweka onyo zito kabisa kwenye karatasi ya dawa, kwamba inaweza kutembea mbali na pale ulipochomwa, ukaanza kushindwa kumeza, kuongea kwa tabu, hata kupumua. Kesi nyingi mbaya zilikuwa za watoto wenye mtindio wa ubongo waliopewa dozi kubwa kulegeza misuli. Na ikiwa feki, hapo hujui hata kilichomo ni nini.

Na feki ipo huku majuu, tusidanganyane. Mwaka 2024 Marekani walitoa tahadhari, watu 22 kwenye majimbo 11 wamedhurika na sindano feki au zilizochomwa ovyo. Kiangazi cha 2025 hapa England watu zaidi ya 30 waliugua botulismu, yani sumu hiyo ikisambaa mwilini na kulegeza misuli, baada ya kuchomwa kwa ajili ya urembo, na huu ukanda wangu wa East Midlands ulikuwemo. Nilisoma ile habari nikiwa kwenye basi nikajikuta najishika kope. Sheria ya hapa ukiisikia ni nzuri, hii ni dawa ya kuandikiwa, na tangu Oktoba 2021 ni kosa kumchoma aliye chini ya miaka 18 kwa urembo tu. Lakini mkono unaoshika sindano hakuna sheria inayosema lazima uwe wa daktari au nesi. Jikoni kwangu pia palikuwa England.

Sasa njoo Dar. Desemba nilimsindikiza mdogo wangu kwenye saluni nyingine, sitaitaja, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikaomba nione dawa. Dada wa watu akafungua friji ya soda, maji yanachuruzika chini, akatoa kichupa kilichofungwa mfuko wa rambo. Karatasi yake ina maandishi sijui ya wapi, namba ya usajili wa TMDA, wale wanaosimamia dawa Tanzania, hakuna. Nikamuuliza umechanganya lini, akajibu Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Karatasi ya Botox yenyewe inasema ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na ikishachanganywa na maji ya chumvi itumike ndani ya masaa 24. Akaona nimenuna, akaniambia dada usiogope, ni ya Ulaya hii.

Nikirudi nyumbani Magomeni nikamsimulia shangazi. Shangazi ana sukari, anachoma insulini, umeme ukikatika anaihamishia kwenye chungu chenye mchanga wa maji, kitambaa kibichi juu, kivulini nyuma ya mlango, na ole wako mtoto usogeze. Darasa la saba huyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, "Na hicho kichupa usiku kililala wapi?" Hilo swali sikuliuliza jikoni kwangu Leicester.

Sisemi Dar hakuna wanaojua. Madaktari wa ngozi wapo, na kati ya daktari wa Dar mwenye dawa iliyosajiliwa na mdada wa kibegi cha pinki, naenda kwa daktari wa Dar nikikimbia. Tofauti ninayoiona ni mambo yakiharibika. Botulismu ikikupata unahitaji dawa ya kupambana na sumu haraka, na hiyo inazuia tu sumu inayozunguka bado, mishipa iliyokwishazimwa inajiotesha upya taratibu, wiki mpaka miezi, pengine upo kwenye mashine ya kupumulia. Huku ningelazwa na bili isingenifuata nyumbani. Dar tungefungua grupu la michango, na mtunza hazina angekuwa shangazi.

Nimemwandikia mdogo wangu haya yote, na picha yangu ya lile kope nimemtumia, ile ambayo nilikuwa nimeificha. Jana usiku kanijibu. "Pole dada. Hivi ukipiga hesabu, hiyo paundi 80 ni shilingi ngapi?" Nimeona, sijamjibu bado.