Kanga ya Mama Mkwe Ukutani

Marehemu baba yangu alikuwa fundi bati pale Ngamiani, Tanga, nami nimekua nikimwona akigeuza madebe ya mafuta kuwa koroboi, faneli na majiko bila ya kupima kwa kitu chochote isipokuwa jicho lake. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo jibu nililompa mke wangu mwezi wa Desemba 2018, aliponishauri tumwite fundi aje kuunganisha bomba la hewa katika nyumba yetu ya Minneapolis, Marekani. "Fundi wa nini," nilimwuliza, "katika nyumba ya mtoto wa fundi?" Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuwa na nguvu za kubishana, kwa hiyo alinyamaza, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tanga kumwangalia binti yake katika siku 40 za uzazi, na chumba pekee chenye faragha na choo chake kilikuwa kile cha chini ya ardhi, ukuta kwa ukuta na tanuri la kupashia nyumba joto, ambacho kwa maajabu ndicho chumba pekee kisichopata joto lolote. Kwa asiyeijua mitambo hiyo, tanuri huchoma gesi, na feni yake husukuma hewa ya moto kupitia mabomba ya bati hadi vyumbani. Hewa hiyo ikishapoa hurudi kwa mabomba mengine, hupita kwenye chujio linalonasa vumbi, kisha huingia tena kwenye feni. Kuna mabomba ya kupelekea na mabomba ya kurudishia, na yote ni bati lile lile, yamepita dari ile ile, wala hayakuandikwa majina.

Nilizima tanuri kabla ya kuanza, kama inavyopasa, na kwa kufanya hivyo nikajinyima njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuyatambua, yaani kuyagusa. Yote yalikuwa baridi. Kati ya mabomba mawili makubwa nikachagua lililokuwa pana zaidi, kwa hoja kwamba penye upana ndipo penye hewa nyingi. Nikachora duara la inchi 6, nikatoboa kwa msumari, nikalikata kwa mkasi wa bati, na kingo zikanichana vidole viwili kwa sababu glavu nilizinunua lakini niliziacha juu ya meza ya jikoni. Nikaingiza kola yenye meno, nikayakunja meno yake kwa ndani moja moja kama alivyokuwa akifanya mzee, nikaunga bomba hadi kwenye ukuta wa chumba cha mgeni, na kila kiungo nikakizungushia ule utepe wa kijivu ambao Wamarekani huuita duct tape, yaani kwa jina la mabomba hayo hayo. Mkono wangu ulikuwa mzuri, nakiri. Hata fundi aliyekuja baadaye alisifu tundu.

Siku hiyo hiyo nilibadilisha na chujio. Lililokuwamo lilikuwa la daraja la 8. Mimi, kwa mapenzi ya mtoto anayekuja, nikanunua la daraja la 13, lenye unene wa inchi 1, zito la kutopitisha hata uvumi. Kwenye fremu yake kulikuwa na mshale, nami nikauelekeza upande wa vyumbani, ili hewa ijue inakokwenda.

Mama mkwe aliwasili katikati ya Januari. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia nikiwa juu ya ngazi, macho yangu yakitazama pembeni kama mila inavyotaka.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala salama. Chumba kizuri, ila upepo wake ni wa kwenda."

Sikulielewa neno hilo, na mkwe hamwulizi mkwewe mara mbili. Nilimjibu kwamba ndiyo mitambo ya huku, hewa huzunguka. Wala sikuweza kuingia chumbani mwake kuhakikisha, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo kwa muda wa wiki mbili kazi ya mikono yangu ililindwa na heshima.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 2019, baridi ya Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Tanuri lilikuwa likinguruma bila kupumzika. Mama mkwe aliamua kufukiza nguo za mtoto, akawasha udi kwenye chetezo, akakiweka chini ya tundu langu kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, pale moshi ulikuwa unapanda kwa utaratibu. Ulipanda kweli. Uliingia kwenye bomba, ukafika kwenye feni, ukagawiwa sebuleni, jikoni na chumba cha mzazi kwa haki na usawa, na ving'ora vyote vitatu vya moshi vikalia kwa pamoja. Mtoto akajibu. Na katikati ya makelele hayo tanuri likazima.

Nilishuka, nikapiga hodi, na kwa mara ya kwanza nikaruhusiwa kuingia. Mama mkwe alikuwa amesimama kando, amejitanda kanga moja tu. Ya pili ilikuwa ukutani, kwenye wavu wa tundu, feni ikiwa bado inazunguka na kuivuta, imenyooka bila kunjo hata moja kama iliyopigwa pasi, na maandishi yake yakisomeka vizuri kabisa: USILOLIJUA NI KAMA USIKU WA GIZA.

"Ndiyo nikakwambia, mwanangu," alisema kwa upole. "Ni wa kwenda."

Fundi alifika saa mbili asubuhi, mzee mwenye ndevu zilizoganda. Alihesabu mapepeso ya taa ndogo ndani ya tanuri, akayalinganisha na jedwali lililobandikwa mlangoni, akasema swichi ya usalama imelizima kwa kupata joto kupita kiasi: chujio limebana, hewa haitoshi kuupoza moto. Akalichomoa. Akalinusa. Akanitazama, akalinusa tena. Kuhusu mshale alisema tu kwamba huelekezwa kwenye feni. Kisha akabandua utepe wangu wa kijivu kwa kidole kimoja, ukaachia wote kama ganda la ndizi iliyoiva, akanieleza kwamba mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walizijaribu tepu za aina nyingi kwenye mabomba ya hewa, na iliyoshindwa vibaya ni hii yenye jina la mabomba yenyewe. Akaunga upya kwa utepe wa alumini.

Alipofika kwenye tundu ndipo alipoacha kutabasamu. Nilikuwa nimetoboa bomba la kurudishia, na chumba kilikuwa chini ya futi 10 kutoka kwenye hita ya maji ya gesi. Uvutaji ule ungeweza kurudisha ndani moshi wa bomba lake, pamoja na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Alipima hewa chumba kwa chumba, nami nikimfuata bila kusema habari za Ngamiani. Tulikuwa salama. Akaliziba tundu, akatoboa bomba la pili, lililo jembamba, na joto likaingia chumbani.

Jioni nilimpelekea mama mkwe habari kwamba sasa upepo ni wa kuja. Alishukuru sana, akaniombea dua. Halafu, nilipokwisha kupanda ngazi tatu, akaniita kutoka nyuma ya mlango na kuniuliza kama ule wa zamani hauwezi kurudishwa japo kwa siku ya Ijumaa, maana nyumba ilinukia yote.