Nilivyoipima kwa ndimu kaunta ya mama mkwe

Mama mkwe wangu, pale Chikongola, ana majiko mawili. La kwanza liko uani: mafiga, jiko la mkaa, mbuzi ya kukunia nazi na paka wawili wasio na mwenyewe. Hilo ndilo linalopika. La pili liko ndani. Lina sinki, makabati, na kaunta ya jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, na tangu lijengwe sijaona humo kikipikwa kitu zaidi ya chai ya wageni. Mabinti zake walichangishana baada ya mauzo ya korosho, jiwe likapakiwa lori Dar es Salaam, likala zaidi ya kilomita 550 za lami hadi Mtwara, likashushwa bila hata ufa. Lilikuwa linang'aa hivi kwamba ukiinama kuchukua kikombe unakutana na mtu, unashtuka, kumbe ni wewe.

Jiwe lile halikuwa na adui. Adui alikuja siku ya Jumatano, amevaa kanzu, na alikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa namalizia jiko langu mwenyewe Magomeni, ya hapahapa Mtwara. Asubuhi ya Jumatano hiyo fundi wa mawe aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Njomba, unataka uso gani?"

"Uso wa nani?"

"Wa jiwe. Kuna wa kung'aa, kuna wa kufifishwa, kuna wa ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya jiwe."

Nilimkagua macho, maana jua la Mtwara lina kazi zake. Lakini alikuwa mzima kabisa. Akanieleza kwamba wa kung'aa ni jiwe lililosuguliwa kwa msasa laini na laini zaidi mpaka likawa kioo. Linapendeza, ila kila mkwaruzo unaonekana. Wa kufifishwa ni kazi ileile iliyokatishwa njiani: jiwe linakuwa laini mkononi lakini halirudishi mwanga. Wa ngozi unapigwa kwa brashi ngumu za mashine, ukipitisha kiganja unahisi vibonde na vilima vidogovidogo, na alama za vidole hazionekani.

"Ila kabla ya uso, jua kwanza unanunua jiwe gani," akasema. "Wauzaji wengine kila jiwe kwao ni granaiti. Omba kipande kilichobaki, kidondoshee ndimu. Granaiti haijali. Marumaru itakujibu. Marumaru ni ukoo mmoja na chokaa, na ndimu inakula chokaa."

Hapo nilimwelewa mara moja. Mtu aliyekulia Mikindani kwenye nyumba za matumbawe na chokaa haelezwi chokaa mara mbili.

Kipande kilichobaki. Fundi alisema kipande kilichobaki, nakumbuka sauti yake kabisa.

Jioni tukaitwa kula kwa mama mkwe. Alikuwa na haraka zake, maana Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa posa ya shemeji yangu mdogo, nyumba nzima inanuka sabuni. Tukiwa sebuleni akasema, kwa fahari yake yote, "Baba, wewe weka jiwe kama langu. Granaiti hii, muuzaji mwenyewe aliniapia."

Aliapa. Neno hilo likaniingia sikioni likakaa.

Mkwe mwanamume kuingia jikoni kwa mama mkwe tayari ni kosa. Nikasema nakwenda kunywa maji. Jikoni nikakuta ndimu imekatwa tayari kwa ajili ya pweza. Nikadondosha matone matatu kwenye jiwe, nikainama kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza. Vipovu vidogo vikatokea. Moyo ukanidunda kwa furaha: si granaiti! Kaapiwa uongo! Kwa furaha hiyo nikaiweka nusu ya ndimu palepale, imelalia upande uliokatwa, nikarudi sebuleni kama hakimu mwenye ushahidi mfukoni.

Chakula kikaletwa. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, pweza wa nazi, wali. Ming'oko ya mama mkwe ina tabia ya kumsahaulisha mtu alikotoka. Nilikumbuka ndimu baada ya karibu saa nzima.

Nilipoinyanyua, chini yake palikuwa na duara jeupe lisilo na nuru, na pembeni matone yangu matatu yamekauka kama macho matatu ya samaki aliyechacha. Nikafuta kwa kitambaa. Halikutoka. Nikafuta kwa sabuni. Halikutoka. Hapo nikakumbuka kwamba mke wangu huondoa ukoga wa birika kwa siki, na chupa ya siki ilikuwa rafuni mbele yangu.

Sitaki kueleza sana kuhusu siki. Duara lilikuwa na ukubwa wa ndimu; nilipomaliza lilikuwa na ukubwa wa sahani.

Nikalifunika kwa sinia, juu ya sinia nikapanga vikombe sita, nikaaga.

Njiani nikamwambia mke wangu, "Nimeharibu marumaru ya mama." Kwa kuwa kwetu marumaru ni vigae vya sakafuni, akanipoza: kigae kimoja tu, kitabadilishwa. Nilipomweleza vizuri alinyamaza kutoka mzunguko wa barabara hadi mlangoni kwetu, kisha akauliza swali moja tu: "Ulisikiliza jiwe?"

Alhamisi alfajiri nilikuwa kwa fundi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa hukumu: lile si doa, ni jeraha. Nuru yenyewe imeliwa, hakuna kitu cha kufuta. Hata ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe isingesaidia, yenyewe huzuia mafuta na bizari, ndimu inapita juu yake bila hodi. Akisugua pale tu, pataonekana kiraka. Kurudisha kioo kaunta nzima ni kazi ya siku kadhaa. "Tunachoweza kabla ya Jumamosi," akasema, "ni kuififisha yote."

Mke wangu akamchukua mama yake kwenda kununua vitenge, na kumchagulisha vitenge mama mkwe kwa kawaida kunakula siku nzima. Fundi akaingia na grenda ya maji, akaanza namba 120, akaenda 220. Maji meupe yanatiririka kama tui. Alikuwa anafunga namba 400, ya kumalizia, mlango ulipofunguliwa. Vitenge vilikuwa vimepanda bei.

Mama mkwe alisimama akiitazama kaunta yake, haina tena uso wa mtu ndani yake. Akamtazama fundi. Akanitazama mimi, nimeshika ndoo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Hicho ni nini?"

Fundi, Mungu ampe maisha marefu, akainua pedi yake. "Pedi za almasi, mama. Za kusugulia mawe."

"Almasi?" Sauti ikabadilika. "Baba, umenipigia almasi? Mbona umejigharimu hivyo?"

Nikafungua mdomo nirekebishe. Nikaufunga.

Jumamosi mashangazi wa upande wa mwanamume walipita jikoni mmojammoja, wakipapasa jiwe kama wanapima kitambaa cha bei. "Mkwe wangu huyo," mama mkwe akawa anasema, "kalipiga almasi." Posa ikapokelewa.

Mimi nilinunua granaiti nyeusi, uso wa ngozi. Fedha za mlango wa jiko zilikwenda kwa fundi, kwa hiyo mlango wenyewe hadi leo ni pazia.

Na kwa mama mkwe bado naalikwa, pweza ni yuleyule. Ila nimegundua kitu. Wengine wote huwekewa kipande cha ndimu pembeni ya sahani, wakamue wenyewe. Sahani yangu huletwa ndimu imeshakamuliwa.