Ona Judge alitoroka peke yake, je ana deni kwa aliowaacha?

Tarehe 21 Mei 1796, rais wa Marekani George Washington na mkewe Martha wako mezani wanakula kwenye nyumba yao ya Philadelphia, dada mmoja wa miaka kama 22 hivi akatoka akaenda zake na hakurudi tena. Jina lake Ona Judge, alikuwa mtumwa wao. Vitu vyake alishavitoa mapema akavificha kwa marafiki zake weusi pale mjini, na baadae sana alisimulia mwenyewe kwamba wakati watu wa nyumba ile wanafungasha kurudi Virginia na yeye alikuwa anafungasha, ila hajui anaenda wapi, anachojua tu ni kwamba akirudi Virginia uhuru ndo basi tena.

Sasa kuhusu huyu dada watu wamegawanyika. Wapo wanaomweka safu moja na Harriet Tubman, mwanamke mwingine aliyetoroka utumwani. Wapo wanaosema hapana, Tubman akishatoka alirudi kama mara 13 akatoa watu kama 70, huyu Ona aliondoka mwenyewe, akawaacha ndugu, na mdogo wake ndo akabeba mzigo. Hoja hii ya pili ni nzito na sipendi inavyorukwa na sisi tunaompenda Ona, kwa hiyo nianze nayo.

Ilikuwa hivi. Martha alishapanga kumtoa Ona kama zawadi kwa mjukuu wake Eliza Custis, ambaye aliolewa na Thomas Law mwezi Machi mwaka huohuo 1796. Ona alimjua Eliza na hakutaka kabisa kuwa mtumwa wake. Alipotoroka, zawadi haikufutwa, badala yake walimpeleka mdogo wake aliyeitwa Philadelphia kama ule mji, wao walikuwa wanamuita Delphy. Na wanaomlaumu wanaongeza jambo moja linalouma zaidi, kwamba mwaka 1807 Thomas Law alimwachia huru Delphy na watoto wake, kihalali. Wakati Ona mpaka anafariki tarehe 25 Februari 1848 kwa mujibu wa sheria alikuwa bado ni mali ya warithi wa Custis, mume wa kwanza wa Martha, na watoto wake watatu pia, japo baba yao Jack Staines alikuwa baharia mweusi aliye huru, kwa sababu sheria ilisema mtoto anafuata hali ya mama. Maisha nayo hayakumuonea huruma, walioana Januari 1797 huko New Hampshire, mume akafariki 1803, wasichana wake wawili wakapelekwa kwa watu kufanya kazi kwa mkataba, wote wawili wakafa kabla yake, na yeye mwenyewe akazeekea kwenye umaskini akilishwa kwa msaada wa serikali ya pale. Ukiweka hesabu hii mezani mtu anakuuliza, si bora angevumilia?

Mi naona hesabu hii imepigwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Mwaka 1796 nani alijua kwamba Law angekuja kumwachia huru mtu? Alichokuwa anakijua Ona ni kwamba anatolewa kwa mtu asiyemtaka, na kwamba Martha hata angefariki kesho yake, yeye angehamia kwa mrithi mwingine na mwingine, hakuna mwisho. Na kuhusu Delphy, aliyemshika mkono Delphy akamkabidhi kwa Eliza ni Martha Washington. Kuna tabia ya kumbebesha aliyekimbia kosa la aliyefunga mlango, na wanawake wanabebeshwa zaidi, yaani mwanaume akitoroka tunasifia ujasiri, mwanamke akitoroka swali la kwanza aliwaacha kina nani. Hercules, mpishi wa Washington huyohuyo, alitoroka Februari 1797 akaacha watoto, sijaona watu wakimkalia kikao kama wanavyomkalia Ona. Hata hivyo sitaki kusema Delphy hakuumia au kwamba Ona hakuwaza hilo. Sidhani kama mtu anaweza kuacha ndugu wa damu mahali pale akalala usingizi mzuri.

Kuna sehemu nyingine ambayo pande zote mbili wanaipotosha. Ona alipanda meli ya nahodha John Bowles akafika Portsmouth, New Hampshire. Kule akaonwa mtaani na binti wa seneta John Langdon aliyekuwa anamfahamu, habari ikafika kwa Washington, na Washington akamtumia waziri wake wa fedha Oliver Wolcott, Wolcott akamwandikia mkuu wa forodha wa Portsmouth, Joseph Whipple, amrudishe kimyakimya. Rais anatumia wizara ya fedha na forodha kumsaka msichana mmoja wa kushona nguo! Familia ilidai amerubuniwa na Mfaransa. Whipple akaongea na Ona akagundua hakuna Mfaransa, kilichomkimbiza ni kutaka uhuru. Na hapo ndo Ona alisema yuko tayari kurudi kuwahudumia akina Washington, ila wamhakikishie kwamba wakifariki atakuwa huru, kinyume na hapo bora afe kuliko kurudi utumwani kuuzwa au kugawiwa kwa mtu mwingine.

Wanaomtetea Washington wanasema unaona, kumbe hakuwa anateswa, alikuwa tayari kurudi. Wanaomtukuza Ona nao wanairuka kabisa hii sehemu maana inaharibu picha ya shujaa asiyeyumba. Mi naona hapo ndo alipokuwa mkali kuliko popote. Binti asiyejua kusoma, hana hela, amekaliwa na ofisa wa serikali, anajadiliana na rais wa nchi kwa kutaja masharti! Watumwa hawatakiwi kuwa na masharti. Na ukiangalia alichokitaja utaona ndugu zake wamo ndani ya uamuzi ule, kurudi kungemrudisha kwao pia.

Washington akakataa, kwenye barua ya tarehe 28 Novemba 1796. Sababu aliyotoa ni kwamba kukubali kungekuwa kumzawadia mtu asiye mwaminifu na kuwavunja moyo wenzake waliotulia, ambao kwa uaminifu wao wanastahili zaidi. Nikiri kwamba Washington ana utetezi mmoja wa kweli hapa, Ona hakuwa mali yake bali ya urithi wa mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, kwa hiyo asingeweza tu kumwachia bila kulipa fidia kwa ule urithi. Hilo ni la kisheria na liko wazi. Lakini huyu ndo aliyesaini sheria ya 1793 ya kukamata watumwa waliotoroka, na ndo aliyekuwa anawazungusha watumwa wake nje ya Pennsylvania, jimbo lenye mji wa Philadelphia, kila kabla ya miezi 6 kutimia ili sheria ya jimbo lile isiwape uhuru, na 1791 alimwandikia karani wake Tobias Lear kwamba jambo hilo lifanyike kwa kisingizio ili watumwa wenyewe na umma wasijue. Kwa hiyo sheria ikimsaidia anaishika, ikimbana anaikwepa.

Na wale waaminifu waliotulia je? Washington alifariki Desemba 1799, wosia wake ukawapa uhuru watumwa 123 waliokuwa wake. Wale zaidi ya 150 wa urithi wa Custis, kundi la akina Ona, Martha alipofariki 1802 waligawanywa kwa wajukuu wanne. Uaminifu haukuwapa chochote. Ndo maana naona swali la kwamba angebaki angewasaidia nini nduguze halina jibu zuri, angebaki wangekuwa wawili kwenye mgao badala ya mmoja.

Mwaka 1799 mpwa wa Martha, Burwell Bassett, alifika Portsmouth kumshawishi kwa ahadi kwamba akirudi wataachana naye awe huru, Ona akajibu ameshakuwa huru na amechagua kubaki hivyo. Bassett akapanga kumchukua kwa nguvu, Ona akapewa taarifa kutoka nyumba ya Langdon, akakimbilia Greenland kijiji cha jirani na mtoto wake mchanga.

Kuhusu alichowaachia wengine, mi nakiona kwenye miaka ya 1840. Alikuwa ameshajifunza kusoma, ameokoka, mzee wa miaka 70 na kitu, na akakubali kuongea na magazeti ya wapinga utumwa, Granite Freeman mwaka 1845 na Liberator miaka miwili baadae. Nchi nzima ilikuwa inamuimba Washington kama mcha Mungu, yeye akasema nyumba ile hakuwahi kufundishwa kusoma wala neno la dini. Walipomuuliza kama anajuta maana amefanya kazi ngumu zaidi huku kuliko kule, akasema hapana. Na alisema yote hayo jina lake likiandikwa, mahali anapoishi pakitajwa, wakati ile sheria ya 1793 bado inafanya kazi na warithi wa Custis bado wapo hai.