Kusajiliwa moja kwa moja: je, Mombasa itapiga kura zaidi?

Wapo wanaotaka kila anayekabidhiwa kitambulisho aingizwe papo hapo kwenye sajili ya wapiga kura. Hoja yao ina uzito. Kijana wa Jomvu akishamaliza foleni ya kitambulisho huambiwa aende nyingine ya tume ya uchaguzi, IEBC, akatoe tena alama za vidole na picha, vitu ambavyo serikali inavyo tayari. Mwenye karatasi ya kusubiri kitambulisho naye hasajiliwi.

Lakini Mombasa imekwama mbele ya hapo. Mwaka 2022 sajili ya kaunti ilikuwa na majina zaidi ya 640,000, na Agosti 9 waliojitokeza hawakufika nusu, ilhali kitaifa ilikuwa kama asilimia 65. Kura ya ugavana iliahirishwa kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura, ikapigwa Agosti 29, na waliorudi vituoni wakapungua zaidi. Majina hayakukosekana.

Kuna na suala la kituo. Vibarua wengi wa Changamwe na bandarini walichukua kitambulisho Kilifi, Kwale au bara. Ukiwasajili kwa kufuata kadi, kura yao inabaki kijijini. Hata leo, asiyehamisha kura katika ofisi ya IEBC ya eneobunge analoishi, kabla usajili haujafungwa, akifika kituoni KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, haimkubali hapo. Siku hiyo hakuna dawa.

Mashine ikishindwa kusoma vidole, kinyume chake, dawa ipo. Mbeba saruji ambaye alama zake zimelika hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho, kisha Fomu 32A hujazwa mbele ya mawakala. Asiyejua husikia tu "haisomi", akaenda zake.

Wako pia wanaokaa nyumbani kwa makusudi: maskwota waliosubiri hati za ardhi chaguzi nenda rudi, waliopoteza kazi za malori mizigo ilipohamia reli ya SGR. Huyu umsajili mara mbili, hatoki. Sidhani ni uvivu.

Kwa hiyo usajili wa moja kwa moja ningeukubali kwa sharti moja: fomu ya kitambulisho imuulize mwombaji anataka kupigia kura wapi. Na hilo halihitaji kungoja sheria mpya. Kabla ya Agosti 10, 2027, meza ya IEBC ingeweza kuwekwa kando ya dirisha la vitambulisho, Likoni na Kisauni kwanza.